Mkanda wa Taimingi wa Motokaa: Ubadilishwe Lini?

Mazungumzo yetu ya leo ni habari ya kitu kimoja kidogo katika injini ya motokaa, ambacho watu wengi hawakikumbuki mpaka siku kinapokatika. Kitu hicho ni mkanda wa taimingi. Umefanywa kwa mpira uliotiwa nyuzi imara, na upande wake wa ndani una meno. Hukaa chini ya kifuniko mbele ya injini. Usiudhanie kuwa ni ule mkanda wa nje uzungushao feni.

Kwanza tutazame kazi yake. Pistoni hupanda na kushuka, nazo huzungusha mhimili wa chini uitwao krenki. Juu kuna mhimili mwingine, kamshafti, ufunguao valvu, yaani milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Krenki ikizunguka mara mbili, sharti kamshafti izunguke mara moja tu, wala isitangulie wala isichelewe. Kazi ya mkanda ni kulinda mwendo huo. Mfano wake ni wanawake wawili watwangao uwele katika kinu kimoja: mchi mmoja ukipanda, wa pili hushuka. Mmoja akikosea mwendo, michi hugongana. Ndivyo ilivyo katika injini nyingi, hasa za dizeli: mkanda ukikatika, kamshafti husimama, na pistoni ipandayo huzipiga valvu zilizobaki wazi na kuzipinda. Hapo gharama si ya mkanda tena, bali ni ya injini.

Malori ya zamani hayakuwa na shida hii, kwa kuwa yalitumia gia au mnyororo. Motokaa ya kwanza kutengenezwa kwa wingi yenye mkanda wa namna hii ilikuwa Glas 1004 ya Ujerumani, mwaka 1962. Mkanda hauna kelele nyingi, ni mwepesi, na hautaki oili. Lakini una umri wake.

Umri huo ni upi? Jibu la kweli limo katika kitabu cha motokaa yako. Kwa injini nyingi ni kilomita 100,000. Nyingine huruhusiwa zaidi, na nyingine hupungukiwa. Katika Land Cruiser nyingi za dizeli, taa ya mkanda huwaka mbele ya dereva kilomita hizo zikitimia. Taa hiyo huhesabu mwendo tu. Haiuoni mkanda wenyewe.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi. Kwenda na kurudi ni 900. Gari liendalo safari hiyo mara moja kila juma hutimiza kilomita 100,000 kwa safari 111, yaani kwa miaka miwili na miezi miwili hivi. Lakini gari likaalo sana bila kwenda nalo halina salama, maana mpira huzeeka hata likiwa limesimama. Ndiyo sababu vitabu vingi hutaja miaka pamoja na kilomita; ufuateni ukomo utanguliao.

Tena katika nchi yetu ya Dodoma, kiangazi huanza mwezi wa Mei na kuendelea mpaka Novemba, na vumbi ni jingi. Kifuniko kikipasuka, au fundi akikiacha bila kukirudisha, mchanga huingia na kula meno ya mkanda. Watu wa Kongwa wanajua mchanga ufanyavyo: Mradi wa Karanga ulipoanza huko mwaka 1947, ardhi ile ngumu ilikula vyuma vya mashine upesi, na matrekta mengi yakasimama. Ikiwa chuma huliwa, mpira je? Oili ivujayo nayo huulainisha mkanda na kuuharibu.

Ukinunua gari lililotumika, usiiamini saa ya kilomita peke yake. Kama hakuna hati ionyeshayo siku mkanda ulipobadilishwa, ubadilishe mara moja. Mafundi wa Japani huwa na desturi ya kubandika karatasi ndani ya boneti yenye tarehe na kilomita. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Fundi mwema hubadilisha pia roli na kikaza mkanda, na pampu ya maji ikiwa huzungushwa na mkanda huo. Kisha hulinganisha alama, na kuizungusha krenki kwa mkono mara mbili kamili, aone kama alama zinakutana tena, kabla ya kuwasha injini.

Na mkanda ukikatika njiani, usiwashe tena, wala usiwaite vijana walisukume gari liwake. Kila mzunguko huongeza hasara. Likokotwe hadi kwa fundi.

Basi, shikeni mambo manne. Kwanza, kijueni kitabu cha gari, mjue kama injini ni ya mkanda au ya mnyororo. Pili, hesabuni kilomita na miaka. Tatu, msingoje dalili. Mikanda mingi hukatika bila kutoa sauti. Nne, andikeni tarehe. Gari moja kijijini huenda ndilo limchukualo mama mwenye uchungu usiku kwenda hospitali, na usiku huo si wakati wa kujua kwamba mkanda ulikwisha zamani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.