Dozi ya antibiotiki: nani aamue siku ya mwisho?

Homa imeshuka siku ya tatu, vidonge vimebaki nusu. Kwa nini uendelee kuvimeza? Swali si la kipuuzi. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha hoja za wataalamu kwamba agizo la kumaliza dozi halina ushahidi wa kutosha kwa maradhi mengi, na kwamba antibiotiki ikitumika muda mrefu kupita kiasi huwapa bakteria wengine mwilini nafasi ya kujenga usugu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimpi mgonjwa ruhusa ya kujikatia dozi. Kifua kikuu kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6; maambukizi mepesi ya kibofu huweza kuisha kwa siku 3 hadi 5. Nafuu peke yake haikuambii uko upande gani. Ukipata ahueni mapema, muulize aliyekuandikia dawa. Foleni inachosha, ndiyo, ila vidonge vinavyobaki kabatini ndivyo humezwa baadaye kwa mafua, ugonjwa wa virusi ambavyo antibiotiki haiviwezi. Kuna dalili zisizosubiri foleni: uso kuvimba au pumzi kubana baada ya kumeza. Hapo acha dawa, kimbilia hospitali.