Mbaazi ni safi, moto wake je?

Kati ya vyakula vinavyojenga mwili, ni vichache vinavyoichafua anga kidogo kama mbaazi. Wakulima wa Masasi na Newala wanazilima miaka nenda miaka rudi, na wala hawazilimi kwa ajili ya tabianchi. Wanazipanda mvua za mwanzo zikishika, katikati ya mahindi na muhogo au kati ya mikorosho michanga, kisha wanazivuna kiangazi, mahindi yakiwa yameshatoka shambani zamani. Mzizi wake huzama sana, ndiyo maana mmea hubaki kijani wakati kila kitu pembeni yake kimekauka.

Faida yake kubwa iko chini ya udongo. Ng'oa mbaazi taratibu uone vinundu vidogo kwenye mizizi. Humo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Hekta moja ya mbaazi inaweza kujipatia kilo 40 za naitrojeni, au zaidi, bila mfuko hata mmoja wa urea. Urea hutengenezwa kiwandani, mara nyingi kwa gesi asilia, na sehemu ya mbolea hiyo ikishamwagwa shambani hugeuka kuwa naitrasi oksaidi, gesi inayozuia joto takriban mara 270 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Anayekula mbaazi, basi, anakula chakula ambacho mbolea yake haikuhitaji kiwanda.

Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha hesabu iliyokusanya taarifa za mashamba mengi duniani. Kwa wastani, gramu 100 za protini kutoka kwa ng'ombe wa nyama ziligharimu anga takriban kilo 50 za gesijoto. Protini hiyohiyo ikitoka kwenye jamii ya kunde ilikuwa chini ya kilo 1. Tofauti inatokana na tumbo la ng'ombe, ambalo huzalisha methani anapocheua, na pia ardhi kubwa anayohitaji. Kutokana na hesabu za aina hii watu wa Ulaya na Marekani wanashauriwa wapunguze nyama.

Ushauri huo ukiletwa Newala kama ulivyo, utakuwa umepotea njia. Familia nyingi huku hula nyama ya ng'ombe kwa nadra. Ugali wa muhogo, mbaazi, kisamvu na samaki wakavu ndivyo vinavyobeba wiki. Kumwambia mama wa Kitangari aache nyama ili kuokoa dunia ni kumwonea. Lakini hesabu ya Poore na Nemecek ina mpaka ambao wengi hawautaji: inaanzia shambani na kuishia dukani. Haifiki jikoni. Nchi ambazo watu hupikia umeme au gesi, sehemu hiyo iliyoachwa ni ndogo. Kwetu ndiyo kubwa kuliko zote.

Tuchukue mkaa. Mchoma mkaa hupanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, akawasha na kuziba. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito, na kwa sehemu kubwa ni maji yanayotoka kwenye mti. Baadaye hugeuka mwembamba wa samawati, naye akajua tanuru linakaribia kuiva. Kwa muda wote huo ndani hakuna hewa ya kutosha, kwa hiyo mti hauungui vizuri na sehemu yake hutoka kama methani, ambayo kwa miaka 100 huzuia joto karibu mara 28 kuliko hewa ya ukaa. Tanuru la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za mti mkavu kutoa kilo 1 ya mkaa. Chukua kilo 8. Nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, yaani kilo 4, na kila kilo ya kaboni ikiungua yote hutoa takriban kilo 3.7 za hewa ya ukaa. Hapo una karibu kilo 15 kwa kilo moja ya mkaa, kabla hujaihesabu methani. Kilo moja ya mbaazi zenyewe, toka shambani hadi sokoni, haifiki kilo 2.

Mti ukiachwa uchipue, hewa hiyo hurudi kwenye shina jipya. Wazee wa Uwanda wa Makonde waliishi kwa utaratibu huo: walilima, wakaacha, kichaka kikarudi. Mwanajiografia Clement Gillman aliuandika utaratibu wao mwaka 1945, na tangu wakati huo watu wameongezeka na mikorosho imechukua eneo kubwa. Kichaka kisichopewa nafasi ya kurudi hakilipi deni la moshi wake.

Sasa weka chungu cha mbaazi kavu juu ya jiko. Zikipikwa bila kulowekwa huchukua saa mbili au tatu, maji yanaongezwa mara kwa mara, mkaa unaongezwa mara kwa mara. Chakula kisicho na lawama shambani kinafika mezani kikiwa na deni la msitu.

Serikali imeanza kulitazama jiko. Katika mchango wake kwa Mkataba wa Paris uliotolewa mwaka 2021, Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila kuchukua hatua. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, zikiwamo shule, zilikuwa zimeagizwa ziachane na kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024.

Nauunga mkono mkakati huu, na macho na mapafu ya akina mama yanatosha kuwa sababu. Wasiwasi wangu uko kwenye sufuria ya shule. Mpishi aliyenyang'anywa kuni na kupewa mtungi wa gesi wenye bajeti finyu atatafuta kinachoiva haraka, na mbaazi hazitakuwa chaguo lake la kwanza. Atapika uji, au wali, na mpunga wa majaruba yaliyojaa maji ni chanzo kingine cha methani. Agizo lililokusudiwa kulinda anga linaweza kuziondoa shuleni mbaazi za mkulima wa jirani, na watoto wakakosa protini ya bei nafuu.

Yapo majibu, na si ya gharama kubwa. La kwanza ni maji ya usiku mmoja. Mbaazi zilizolowekwa jioni hunywa maji hadi kiini, ganda hulainika, na muda wa motoni hupungua sana. Magadi nayo huziwahisha, ila hupunguza baadhi ya vitamini, hasa za kundi B. La pili ni kuzila mbichi msimu wake unapofika. Mbaazi za kijani zilizotoka kumenywa huiva upesi na ni tamu kuliko kavu. La tatu ni sufuria ya presha, hasa ile ya umeme. Hii hufunga mvuke, joto likapanda kupita la maji ya kawaida yanayochemka, na ikishika presha hujizima na kujiwasha yenyewe. Nusu kilo ya mbegu za jamii ya kunde huiva humo kwa chini ya uniti moja. Mteja mdogo wa TANESCO asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Linganisha na bei ya kopo la mkaa sokoni Masasi.

Gesi ya mtungi ni nafuu kwa msitu, ingawa si safi kabisa: kilo moja ikiungua hutoa takriban kilo 3 za hewa ya ukaa. Tena wengi hudhani inatoka kwenye visima vya Mnazi Bay kwa kuwa viko mkoa wetu. Hapana. Gesi ya Mnazi Bay ni methani inayopita bombani na kuzalisha umeme. Ya mtungi huletwa kwa meli kutoka nje. Kwa mkoa huu, jiko la umeme ndilo lililo karibu zaidi na kisima.

Kikwazo ni fedha ya mkupuo, na hapa mkakati wa taifa haujaisoma vizuri kalenda ya kusini. Kaya za Newala na Masasi hupata fedha korosho zinapouzwa mnadani, kuanzia Oktoba. Ikifika masika mtungi umeisha, umewekwa uvunguni, na mafiga yamewashwa tena. Vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU vina vyama vya msingi hadi vijijini, na vyama hivyo vimezoea kusimamia pembejeo na malipo ya wakulima. Mkulima akiridhia, sufuria ya presha inaweza kukatwa kwenye malipo ya korosho kwa awamu mbili za msimu.

Mbaazi nazo zinahitaji mlaji wa nyumbani. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei ikaporomoka huku kusini, na mkulima aliyekatishwa tamaa na bei hupunguza mbaazi shambani pamoja na naitrojeni yake. Shule zinazonunua mbaazi za kata yao kila mwaka haziwezi kuziba pengo la India, lakini ni mnunuzi asiyebadilika kwa amri ya nchi nyingine.

Ninaloomba kwa halmashauri za Masasi na Newala ni hili: kabla ya kununua mitungi zaidi ya shule, zinunue sufuria kubwa za presha na kuwafundisha wapishi kuloweka. Na wewe msomaji uliye na mbaazi kavu nyumbani, zichague na kuziloweka leo jioni, kesho uzipike ukiwa umefunika.