Sura ya Tano: Hewa ya Kitale, Breki ya Mandello

Pikipiki kubwa ya zamani ikiletwa Kitale kutoka Mombasa na kuanza kuvuta kwa uzito, dawa ya kwanza inayotajwa gerejini huwa ni kuiongezea petroli. Jeti ya kabureta hufunguliwa, tundu lake likapanuliwa kwa waya, na mwenye pikipiki akaambiwa kwamba injini za zamani zina kiu. Dawa hiyo ni kinyume cha ugonjwa. Injini imeshashiba petroli kupita kiasi. Kilichopungua ni hewa.

Sura hii inaeleza mambo matatu yanayoisumbua pikipiki ya Kiitalia ya safari ndefu katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma: hewa, vumbi na mzigo. Mfano ni Moto Guzzi, kwa sababu hakuna pikipiki ya Kiitalia iliyoundwa kwa safari kwa dhati kuizidi. V7 yake ilionyeshwa Milano mwaka 1965 na kuingia sokoni 1967, ikiwa na injini ya mhandisi Giulio Cesare Carcano: silinda mbili zilizoachana kwa nyuzi 90, zimechomoza kulia na kushoto mbele ya magoti ya mwendeshaji, na shafti inayozungusha gurudumu la nyuma badala ya mnyororo. Kiwanda kiko Mandello del Lario, kando ya Ziwa Como, mahali palipo chini sana kuliko Kitale.

Wapo watakaosema mapema kwamba mashine ya Italia ni ya maonyesho, haiwezi maisha ya huku. Maneno hayo husemwa na watu waliopanda tuktuk ya Piaggio asubuhi hiyohiyo. Piaggio ni kampuni ya Italia, iliyoanza kuunda gari lake la magurudumu matatu, Ape, mwaka 1948, na tangu 2004 ndiyo inayoimiliki Moto Guzzi. Ni kweli kwamba tuktuk zinazobeba watu na magunia Afrika Mashariki huundwa India, lakini wazo ni lilelile lililotoka Italia baada ya vita, na limehimili mashimo ya kila aina.

Turudi kwenye hewa. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Bungoma mita 1,400 hivi. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Lita moja ya hewa ya Kitale ina uzito mdogo kuliko lita moja ya hewa ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Injini huvuta lita zilezile kila pistoni inaposhuka, kwa hiyo oksijeni inayoingia hupungua kwa kiwango hicho, na nguvu hupungua nayo. Injini iliyotoa nguvu za farasi 50 ufukweni itatoa 40 na kitu tu Kitale. Hakuna bisibisi itakayoirudisha nguvu hiyo, wala oili nzito, wala zile chupa ndogo za dawa ya injini zinazouzwa kwa maneno matamu. Kutoboa ekzosi huongeza kelele tu.

Kinachoweza kurekebishwa ni uwiano. Kabureta haipimi uzito wa hewa. Inachojua ni mnyonyo unaopita kooni mwake. Hewa ikiwa nyepesi, petroli inayonyonywa hupungua pia, lakini haipungui kwa kiasi kilekile: hewa ikipungua kwa asilimia 18, petroli hupungua kwa asilimia 9 au 10 tu. Ndiyo maana mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinashika masizi na tangi linakauka haraka.

Guzzi za miaka hiyo hutumia kabureta za Dell'Orto, na jeti za Dell'Orto zina sifa moja nzuri: namba iliyochongwa juu yake ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita. Jeti ya 130 ina tundu la milimita 1.30. Ili kupunguza petroli kwa asilimia 10 inatakiwa kupunguza eneo la tundu kwa asilimia 10, na kwa kuwa eneo hufuata kipenyo mara kipenyo, kipenyo chenyewe kinatakiwa kupungua kwa asilimia 5 tu. Basi 130 inakuwa 124 hivi. Tofauti ni sehemu sita za mia za milimita, na hapo ndipo unapoonekana ubaya wa ule waya: msuguo mdogo tu unatosha kulipeleka tundu upande usiotakiwa, na jeti ikishapanuliwa haiponi, hununuliwa nyingine.

Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa hewa ya Bungoma inaleta 125. Kati ya 124 na 125 hakuna mwendeshaji atakayehisi tofauti. Jambo hili linafaa kurudiwa, kwa sababu wapo wanaoapa kwamba pikipiki yao huenda vizuri Bungoma na kukataa wakifika Kiminini, karibu na Kitale, na lawama zote huangukia "hewa ya Kitale". Mita 500 za mwinuko huondoa nguvu kidogo, basi. Haziifanyi injini ikohoe wala izime. Pikipiki inayokohoa Kiminini ina filta iliyoziba, petroli chafu au maji ndani ya kabureta, na mwenyewe akafungue aangalie.

Njia ya kuangalia ni rahisi. Endesha kwa mwendo usiobadilika kilomita chache kwenye lami, kisha kwa wakati mmoja kamata klachi na uzime injini, usiiache ingurume kabla ya kusimama. Fungua plagi. Kwenye Guzzi kazi hii ni nyepesi kwa sababu silinda ziko nje kabisa, kila moja upande wake. Tazama kauri nyeupe inayozunguka ncha ya katikati. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyofifia, uwiano ni mzuri. Masizi makavu meusi yanasema petroli imezidi. Kauri iliyobaki nyeupe pe inasema petroli ni pungufu, na hiyo ndiyo hali ya kuogopwa, maana injini huchemka hadi pistoni ikatoboka. Plagi mbili zikitofautiana rangi, kabureta mbili hazifanyi kazi sawa, na kulinganisha waya zake za mafuta ndiyo kazi ya kwanza kabla ya kugusa jeti yoyote.

Kuhusu vumbi, maneno machache yanatosha, ila yashikwe. Zipo gereji zinazoondoa filta ya hewa "ili pikipiki ipumue". Chembe za mchanga zilizomo katika vumbi la murram ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, na zikiingia zinakula ringi na pistoni. Kwa V7 na ndugu zake wa mwanzo hatari ni mbili, kwa sababu kuta za silinda zao zilipakwa kromu. Kromu hiyo ikizeeka hubanduka vipande, na injini hizo hazikuwa na filta ya karatasi ya oili, zilikuwa na chujio la waya tu, hivyo vipande hufuata oili hadi kwenye beringi. Baadaye kiwanda kiliacha kromu na kutumia Nikasil, mchanganyiko wa nikeli na silikoni kabidi, ambao haubanduki hivyo. Anayenunua Guzzi ya kabla ya hapo na asiulize habari za silinda ananunua chuma chakavu chenye rangi nzuri.

Hapa ulipaswa kufuata mzigo. Lakini mzigo hauzungumziki kabla ya breki, na breki ndizo zenye uzushi mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya pikipiki.

Uzushi wenyewe unajulikana kila stendi ya bodaboda: breki ya mbele inapindua. Kijana anayejifunza kuendesha huambiwa na wakubwa wake asiiguse, atumie mguu peke yake. Akikua katika kazi, anamfundisha mwenzake vivyo hivyo. Kisha ajali zikirudia mahali pamoja kwenye mteremko wa kutoka Kapsokwony kuja Kimilili, yanatajwa mapepo, au inasemwa pikipiki fulani ina mkosi na inauzwa kwa bei ya kutupa.

Hebu tufanye hesabu. Pikipiki inaposhika breki, uzito wake huhamia mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa barabarani na kupata mshiko, la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuteleza. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa kwenye lami kavu, anayetumia breki ya nyuma pekee atahitaji karibu mita 40 kusimama tangu aliposhika breki. Anayetumia zote mbili vizuri atahitaji karibu 20. Mita hizo 20 ndizo zenye ng'ombe, mtoto au lori lililoegeshwa bila taa. Pepo hana nafasi katika hesabu hii.

Moto Guzzi walilijibu tatizo hili mwaka 1975 kwa pikipiki ya 850 T3, na jibu lao ni miongoni mwa kazi safi kabisa za uhandisi wa pikipiki. Breki ya mkono ilifungwa kwenye diski moja tu ya mbele, ya kulia. Pedali ya mguu ikafungwa kwenye diski ya mbele ya kushoto na diski ya nyuma kwa pamoja, huku presha ikigawanywa kati ya mbele na nyuma. Kwa hiyo hata mtu aliyekaririshwa kuogopa breki ya mbele anaitumia bila kujua kila anapokanyaga. Anakanyaga kwa woga, na pikipiki yenye zaidi ya kilo 220 inatulia na kusimama bila kukunja shingo.

Siku hizi kuna mtindo wa kuutenganisha mfumo huo: diski zote mbili za mbele zipewe mkono, pedali ibaki na nyuma tu, kwa maelezo kwamba pikipiki za mashindano ziko hivyo. Kwa mtu wa safari za Kitale na Bungoma, abiria nyuma na mkoba kila upande, mtindo huu ni hasara. Abiria na mizigo huongeza uzito wa nyuma, na hapo ndipo mguu unapofanya kazi kubwa zaidi. Mfumo wa T3 unaigawa kazi hiyo ya mguu kwenye magurudumu yote mawili. Mikoba yenyewe ifungwe chini na karibu na katikati, isizidi nyuma ya ekseli.

Hoja moja ya wanaotenganisha ni ya haki. Kwenye murram iliyolegea, gurudumu la mbele likifunga, pikipiki huanguka mara moja, na kwenye T3 mguu mzito unaweza kulifunga. Dawa ni kupunguza mwendo kwa gia kabla ya kuacha lami, kwa kuwa injini ile kubwa inashika mno ukiachia mafuta, kisha kukanyaga pedali kwa ncha ya kiatu, si kwa unyayo mzima. Diski za T3 ni za chuma cha kusubu na hushika kutu usiku mmoja tu wa mvua za Trans Nzoia. Asubuhi yake, kabla ya mteremko wa kwanza, breki zishikwe mara mbili tatu kwenye tambarare mpaka kutu iishe na chuma kianze kung'aa. Oili ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, na hewa itolewe kwenye kaliper zote tatu, kwa sababu mapovu yakibaki upande wa pedali, yanadhoofisha breki ya mbele na ya nyuma kwa mpigo mmoja.