Vita vya Mpakani (2): Kilima Kisicho na Maji

Wiki iliyopita tuliiacha barabara ya Voi–Taveta pale Mwatate. Leo hatuendi mbali. Tunasogea hadi upande wa Bura, kwenye hifadhi ndogo ya wanyama ambako hoteli ya Sarova Taita Hills imetenga mahali pa makumbusho ya Vita Kuu ya Kwanza. Serikali haina mkono hapa. Ni mali ya hoteli, na wageni wengi huyapitia wakisubiri gari la kwenda kutazama tembo. Udogo wake ndio ninaoupenda. Makumbusho makubwa hulazimika kusimulia kila kitu tangu enzi za mawe. Haya yameshika jambo moja, mapigano ya mpaka huu wa makoloni ya Waingereza na Wajerumani kuanzia Agosti 1914 hadi Machi 1916, na uwanja wenyewe wa vita uko njiani hapo nje.

Ukiingia, usiharakishe kwenye picha za majenerali. Anza na maganda ya risasi. Ganda la bunduki ya Kiingereza lina ukingo uliotokeza kitakoni. La Mauser mpya ya Kijerumani halina, lina mfuo tu. Kwa hiyo mtu angedhani kazi ni rahisi: okota ganda, ujue nani alikuwa amelala hapo akifyatua. Haiwi hivyo. Novemba 1914 Waingereza walishindwa vibaya Tanga wakaacha bunduki, bombom (bunduki za rasharasha) na mamia ya maelfu ya risasi, na jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, likazitumia dhidi yao wenyewe. Ganda la Kiingereza likiokotwa ndani ya handaki la Wajerumani si ajabu. Askari wengine wa Kijerumani walianza vita na bunduki za muundo wa 1871, zenye risasi nene ya madini ya risasi tupu na moshi mzito uliomtangaza mpigaji kwa kila mtu aliyekuwa mbele yake.

Kwa nini wapiganie nyika hii? Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yaliiacha Taveta upande wa Waingereza na Kilimanjaro upande wa Wajerumani. (Ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake wa Kijerumani mlima ni porojo tamu tu.) Taveta ikawa mlango kati ya Kilimanjaro na milima ya Upare. Wajerumani waliuchukua mapema, katikati ya Agosti 1914, wakasogea hadi kilima cha Salaita. Kutoka huko vikosi vyao vidogo vilipenya porini kwenda kulipua reli ya Mombasa. Nyika ile haina maji, na Lettow-Vorbeck mwenyewe ameeleza kwamba watu wake walifikia kunywa mkojo wao.

Hapo ndipo naachana na maelezo ya kawaida ya vita hivi, yanayoanzia kwa makamanda. Mimi naanzia kwenye maji. Waingereza hawakuweza kuleta jeshi kubwa mpakani mpaka walipojenga reli kutoka Voi na kulaza mabomba ya maji kutoka milima ya Bura. Kambi za Maktau, Mbuyuni na Serengeti zilifuata reli na bomba. Salaita nayo haikuwa na maji; yaliletwa kutoka upande wa Taveta. Ramani iliyo ukutani huisomi vizuri mpaka ujiulize, katika kila kambi, hawa walikuwa wakinywa nini.

Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walipeleka Salaita watu wapatao 6,000 dhidi ya Wajerumani na askari wao wasiozidi 1,400 hivi, chini ya Meja Kraut. Mizinga ilikipiga kilele cha kilima kwa bidii. Kileleni, mahandaki yalikuwa ya kudanganyia. Yale ya kweli yalikuwa chini, kwenye vichaka, yakiwa na bombom. Brigedi ya Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini, wengi wao wageni wa nyika hii, ilifika karibu, ikapokewa kwa moto, kisha askari wa Wajerumani wakatoka kwa bayoneti. Brigedi ikavunjika. Waliosimama imara wakafunika kurudi kwao ni Wabaluchi wa kikosi cha 130 kutoka India, watu ambao weupe wale walikuwa wakiwaita makuli. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliirudisha bombom iliyotupwa na wenzao, pamoja na barua ya adabu ikiomba jina hilo lisitumike tena. Waliopotea upande wa Waingereza, wafu na majeruhi, walikuwa 172.

Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda mpya wa Waingereza, alikizunguka kilima akielekea Taveta, na Wajerumani wakakiacha karibu bila vita.

Kuna kabati moja ambalo halipo katika makumbusho haya, na sidhani mwenye hoteli ni wa kulaumiwa. Ni la wapagazi. Mpagazi hakuacha ganda wala kifungo cha shaba. Mzigo wake ulikuwa unga, ukaliwa, au maji, yakanywewa. Upande wa Waingereza pekee walikufa zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Pale Voi kuna kaburi la Luteni Wilbur Dartnell, aliyeuawa karibu na Maktau Septemba 1915 akapewa Msalaba wa Victoria. Jina lake limechongwa jiweni. Mpagazi hutalikuta jina lake. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti kwamba Waafrika wengi waliachwa kwa makusudi bila kukumbukwa kwa majina, ikaomba radhi. Kwa maoni yangu, makumbusho haya yangeweza kuziba sehemu ya pengo hilo kwa gharama ndogo: ubao mmoja kuhusu bomba la Bura na waliobeba maji kabla halijafika.

Wiki ijayo tutavuka mto Lumi, twende kwenye vilima vya Latema na Reata, na mapigano ya usiku wa 11 Machi 1916.