Sarufi ya Masharti na Ufundishaji wa Mustakabali wa Tabianchi: Mfano wa Bugolobi, Kampala
Bugolobi inapakana na ardhioevu ya Nakivubo, ambayo huchuja majitaka kabla hayajafika Ziwa Viktoria, chanzo cha maji ya kunywa ya Kampala. Mei 2020, baada ya mvua kubwa, ziwa hilo lilivuka kina cha rekodi cha mwaka 1964. Mwanafunzi anayeandika “ardhioevu itatoweka” anatabiri tu, anayeandika “mafunjo yakilindwa, yataendelea kuchuja maji, yakifyekwa, uchafu utaingia ziwani” anatambua kwamba matokeo hutegemea uamuzi wa jamii. Kiambishi -ki- hufungua uchaguzi ambao -ta- pekee huuficha. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa. Insha za masharti kuhusu mazingira ya mwanafunzi zinastahili nafasi katika mitihani hiyo.