Wu Huawen Hakutumwa

Kila ninapozungumzia vita vya China na Japani, naulizwa lile lile: je, si kweli kwamba Jenerali Wu Huawen alijiunga na vibaraka wa Wajapani kwa amri ya siri ya Chiang Kai-shek, kiongozi wa serikali ya China? Hapana, na nimechoka kulijibu kwa upole.

Wanaoamini hivyo huanzia mwisho wa habari. Wanaona kwamba mwaka 1945, Japani iliposalimu amri, Chiang alimpokea Wu pamoja na jeshi lake. Basi wanakata shauri kuwa Januari 1943, alipohamia serikali ya vibaraka ya Wang Jingwei huko Nanjing, alikuwa ametumwa. Huko ni kusoma tarehe kinyumenyume. Mwaka 1945 vikosi bora vya Chiang vilikuwa mbali, kusini-magharibi, na Wakomunisti walikwisha kutapakaa vijijini kaskazini. Chiang alihitaji mtu mwenye bunduki wa kumshikia miji na reli, na Wu alikuwa nazo. Qi Xieyuan, jenerali mwingine aliyewatumikia Wajapani lakini hakuwa tena na jeshi, alipigwa risasi Nanjing mwaka 1946. Usafi wa moyo haukuhusika hata kidogo.

Hoja nyingine, kwamba barua za siri kwa watu wa Chiang ni ushahidi wa kutumwa, nayo haisimami. Zhou Fohai, waziri wa fedha wa Wang, aliwasiliana kweli na watu wa Chiang wakati wa vita. Alihukumiwa kifo mwaka 1946, adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha, akafia gerezani mwaka 1948. Kumwandikia adui wa bwana wako ni kujiwekea akiba, si kutumwa.

Tena Wu hakuishia hapo. Septemba 1948, Jinan ikiwa imezingirwa, alihamia kwa Wakomunisti na askari wapatao 20,000. Aprili 1949 Jeshi la 35 la Wakomunisti, chini yake, likaingia Nanjing. Na safari hiyo alitumwa na nani?

Ukikutana tena na dai hili, dai uonyeshwe amri yenyewe na tarehe yake. Uliza askari walilishwa na nani, walimpiga nani, kisha linganisha na waliohama bila jeshi. Asiyeweza kujibu hayo, usimsambazie habari yake.