Wafaransa na Kipimo cha Sahani

Mtu akinenepa kupita kiasi, shauri la kwanza apewalo ni kuacha: acha siagi, acha mkate, acha vitamu. Huacha majuma mawili, kisha hamu humshinda, naye hula kuliko mwanzo. Wafaransa wanayo desturi nyingine ifaayo kutazamwa. Wao hula mkate, jibini, nyama na hata keki. Walakini unene wa kupindukia ni haba kwao kuliko kwa Waamerika. Mambo matatu huwasaidia: saa, meza na kipimo.

Kwanza, saa. Chakula cha mchana huliwa kati ya saa sita na saa nane, na cha usiku baada ya saa moja. Watoto watokapo shule hupewa kitu kidogo mnamo saa kumi. Nje ya nyakati hizo, kwa desturi ya zamani, mtu hatafuni ovyo njiani wala kazini.

Pili, meza. Vyakula huja kwa zamu: mboga mbichi au supu, kisha chakula chenyewe, halafu jibini, na mwisho tunda au kitamu. Watu huketi wakazungumza. Mwaka 2010 UNESCO iliutia mlo wa Kifaransa wa siku za furaha katika orodha yake ya urithi wa wanadamu. Kula polepole kuna faida, kwa maana habari ya kushiba huchelewa kufika kichwani. Alaye mbio huwa amekwisha kuzidisha kabla hajaipata.

Tatu, kipimo. Mwaka 2003 Paul Rozin, mtaalamu wa Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya kupima vyakula katika hoteli za Paris na Philadelphia. Kwa wastani chakula cha mtu mmoja kilikuwa gramu 277 Paris, na gramu 346 Philadelphia. Katika mikahawa ya McDonald's waliona kwamba mtu wa Paris alikaa mezani kama dakika 22, na mwenzake wa Philadelphia dakika 14 tu. Basi aliyepewa kidogo ndiye aliyekila kwa muda mrefu zaidi.

Habari za Mireille Guiliano zaonyesha jambo hili vema. Msichana huyu Mfaransa alikwenda kusoma Massachusetts, akazoea biskuti na keki za chokoleti, akarudi kwao mnene hata baba yake akamfananisha na gunia la viazi. Daktari wa jamaa yao hakumkataza kila kitu. Alimwambia aandike kwa majuma matatu yote aliyoyala. Daftari ndiyo iliyofichua mambo: keki zilikuwa nyingi mno. Akaacha zile alizokula kwa mazoea tu, akabakiza chache alizozipenda kweli, akazila kwa utulivu. Polepole mwili ukapungua. Baadaye, mwishoni mwa mwaka 2004, alitoa kitabu ambacho jina lake lasema kwamba wanawake wa Kifaransa hawanenepi.

Hapo jina la kitabu limepita kweli. Mwaka 1997 watu wazima wenye unene wa kupindukia Ufaransa walikuwa asilimia 8.5, mwaka 2020 walifika asilimia 17. Kuwa Mfaransa hakumkingi mtu. Haba na haba hujaza kibaba, na mwili nao hujazwa vivyo hivyo. Serikali yao yenyewe iliona hatari, ikakataza mwaka 2017 mikahawa kuwapa watu vinywaji vya sukari bure bila kikomo. Wala mtu asiifanye divai ya mezani kwao kuwa dawa, kwani pombe ina madhara yake.

Basi mama, au yeyote apakuaye nyumbani, ndiye ashikaye kipimo. Pakua kidogo, ambaye hajashiba ataomba tena. Usimlazimishe mtoto amalize sahani iliyojazwa na mkono wako. Weka saa ya chakula, mkaketi pamoja, mkatafune bila mbio. Anayetaka kujua alipo na aandike anachokula kwa majuma matatu, hata kile kipande alichoonja jikoni. Mgonjwa wa sukari au wa moyo, na mama mjamzito, wamwone mganga kwanza kabla ya kubadili chakula chao.